Kurekebisha pH ya Tangi la Samaki kwa Maji ya Arusha na Moshi

Anayefuga samaki wa mapambo Arusha huanza na maji ambayo Mlima Meru umekwisha kuyatia tabia yake. Mvua inayonyesha juu ya majivu na miamba ya volkano hupenya chini taratibu, huyeyusha sodiamu, bikaboneti na floraidi njiani, na inapochomoza kwenye chemchemi au kuvutwa kutoka kisimani huwa tayari imeelemea upande wa alkali. Atakaye kuiona tabia hiyo ikiwa imefikia kilele aende Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako maziwa yaliyo chini ya mlima huo ni ya magadi. Maji ya bomba hayafiki ukali huo, lakini ni ya ukoo mmoja nayo, na ndiyo maana maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine mara nyingi humpoteza mfugaji wa hapa.

Upande wa Moshi hali huwa nyingine. Chemchemi nyingi za Kilimanjaro zina madini machache zaidi, na mfugaji wa huko husumbuliwa zaidi na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inayoshuka yenyewe kadiri tangi linavyozeeka kuliko pH iliyo juu. Hata hivyo maji hayahukumiwi kwa jina la mji. Hai na Siha, zilizo jirani kabisa na Moshi, zina visima vyenye floraidi nyingi, na mitaa miwili ya Arusha iliyo karibu inaweza kunywa kutoka vyanzo tofauti. Kila ninachoeleza hapa kinategemea vipimo vya maji yanayotoka kwenye bomba lako mwenyewe.

Nimefuga samaki kwanza Moshi na baadaye Arusha, na jambo moja ambalo ningependa kila anayeanza alishike kabla hajanunua dawa yoyote ni kwamba pH hairekebishwi moja kwa moja. Kinachorekebishwa ni KH, yaani akiba ya bikaboneti iliyomo majini, na pH huifuata.

pH, KH na hewa ya ukaa

Kipimo cha pH huanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo maji ya pH 6 yana asidi mara kumi kuliko maji ya pH 7 na mara mia kuliko maji ya pH 8. Samaki anayehamishwa kutoka 8 hadi 6 kwa saa moja amepewa mabadiliko makubwa mno kwa damu na mashavu yake, ingawa kwenye karatasi tarakimu zinaonekana kukaribiana.

KH ni akiba ya bikaboneti na kaboneti iliyoyeyuka majini, na kazi yake ni kumeza asidi. Digrii 1 ya KH ni sawa na miligramu 17.9 za kaboneti ya kalsiamu kwa lita. Ifikirie kama kihenge cha mahindi: kila siku tangi huzalisha asidi kidogo kutokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, na kila siku asidi hiyo hula kutoka kihengeni. Kihenge kikiwa kimejaa, pH haitikisiki. Kikibaki na vumbi tu, pH huanguka kwa usiku mmoja, na mwenye tangi hushangaa kwa sababu jana yake kila kitu kilikuwa sawa.

Hewa ya ukaa nayo inapoyeyuka majini huwa asidi dhaifu. Kwa KH ileile, hewa ya ukaa ikiongezeka pH hushuka, na ikitoroka pH hupanda. Tangi la kawaida la nyumbani lenye KH 12 hukaa kwenye pH ya karibu 8, na lenye KH 4 hukaa karibu na 7.5. Anayetaka pH ya chini ya 7 inayodumu hana budi kuishusha KH hadi digrii 1 au 2, na hapo amebakiza akiba ndogo sana inayohitaji uangalizi wa karibu.

Kuna kipimo cha tatu, GH, kinachohesabu kalsiamu na magnesiamu. Vitabu vingi huchukulia kwamba GH na KH hutembea pamoja, kwa kuwa katika nchi zenye miamba ya chokaa ndivyo ilivyo. Kwa maji ya volkano ya Meru haiko hivyo. Bikaboneti yake imeshikana zaidi na sodiamu kuliko kalsiamu, na hivyo unaweza kupata KH ya juu pamoja na GH ya chini katika glasi moja. Sabuni inatoa povu vizuri, sufuria haigandi ukoko mweupe mwingi, mwenye nyumba anasema maji yake ni laini, lakini pH ni 8.3. Tofauti hii ina athari kubwa, kama nitakavyoeleza kwenye suala la kuchemsha maji.

Kupima

Chota maji ya bomba kwenye ndoo, yapime mara moja, kisha yaache saa 24 huku pampu ndogo ya hewa ikiyatibua, halafu yapime tena. Usiruke kipimo cha pili. Maji yaliyotoka chini ya ardhi mara nyingi huja na hewa ya ukaa nyingi, na pH yake ya kwanza inaweza kuonyesha 7.2 wakati pH halisi, baada ya hewa hiyo kutoroka, ni 8.2. Wengi huamini kipimo cha kwanza, kisha hudhani kwamba kokoto au kichujio chao ndicho kilichopandisha pH. Ndani ya saa hizo 24 sehemu kubwa ya klorini nayo huondoka.

Vipimo vya matone ndivyo ninavyovipendekeza. Karatasi za kuchovya ni za haraka, lakini rangi zake hutofautiana kidogo mno kwa kazi hii. Kalamu ya kielektroniki ni nzuri iwapo utairekebisha mara kwa mara kwa vimiminika vya pH 4.01 na 6.86 au 7.00, kalamu isiyorekebishwa kwa miezi inatoa tarakimu tu. Duka la samaki likikosekana, waulize wanaouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea, kwa sababu vipimo vyao husoma kuanzia karibu 6.8 hadi 8.2, eneo ambalo maji mengi ya hapa yanaangukia. Kipimo cha KH cha matone hubadilika rangi ghafla, na unahesabu tone moja kuwa digrii moja.

Kwa asiye na kipimo cha KH kuna jaribio moja la jikoni ambalo nimewaonyesha vijana wengi wa mtaani, nao hawalisahau. Nunua kabichi ya zambarau, ile inayopatikana Soko la Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, kwa wauzaji wa mboga za hotelini. Kata robo yake vipande vidogo, ichemshe kwa dakika kumi katika maji ya mvua au maji ya dukani yasiyo na madini mengi, uchuje na kuacha ipoe. Chukua glasi mbili nyeupe zinazofanana. Moja itie maji ya bomba, nyingine maji ya mvua, kiasi kilekile, kisha kila moja itie vijiko viwili vya maji ya kabichi. Ya mvua itabaki zambarau. Ya bomba, ikiwa una maji ya Meru, itageuka buluu, na pengine buluu inayoelekea kijani. Sasa chukua juisi ya limau kwa bomba la sindano lisilo na sindano na uanze kudondosha tone moja moja huku ukikoroga. Glasi ya mvua hugeuka waridi baada ya matone machache. Ile ya bomba humeza tone baada ya tone bila kubadilika sana, na wewe unaendelea kuhesabu. Hilo pengo kati ya hesabu mbili ndiyo KH ikionekana kwa macho. Jaribio halikupi digrii kamili, lakini linakuonyesha kwa nini asidi kidogo kwenye tangi lako haifanyi kitu, na kwa nini kiasi hichohicho kwenye tangi la maji ya mvua kinaweza kuua.

Kuamua kama kuna haja

Kabla ya kubadilisha chochote, angalia samaki ulio nao. Gapi, moli na samaki wa dhahabu huishi vizuri kwenye pH ya 7.5 hadi 8.2. Samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa huzoea pH ya takriban 7.8 hadi 8.6, na wa Ziwa Tanganyika, ambako pH iko karibu na 9, hustawi kwenye maji ambayo samaki wa Amerika Kusini wangeyaona makali. Kwa maoni yangu ni jambo la kusikitisha kwamba mtu wa Arusha mwenye maji ya alkali bombani huhangaika miezi kadhaa kuyafanya yafanane na ya Mto Amazon kwa ajili ya neoni, samaki wadogo wa huko, wakati nchi yake mwenyewe ina maziwa mawili yenye samaki wa rangi zinazotafutwa duniani kote, nao wanataka maji ya namna hiyohiyo. Kitu pekee watakachokosa ni kalsiamu na magnesiamu, na hivyo unaviongeza: kokoto za chokaa kwenye kichujio, na chumvi ya haluli, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa jina la chumvi ya Epsom, kwa kiasi kidogo kinachofuata kipimo cha GH. Bikaboneti ya soda, inayopandisha KH, hawaihitaji kwa sababu KH wanayo tayari.

Samaki wengi waliozaliwa kwenye matangi huvumilia pH isiyo yao iwapo haichezi. Tangi linalokaa 8.0 mwaka mzima ni salama zaidi kuliko linaloshushwa hadi 6.8 Jumamosi na kurudi 7.9 Jumatano. Ikiwa hufugi samaki wa maji laini, wala huna nia ya kuwazalisha, acha pH yako ilivyo, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya tangi linalozeeka.

Kushusha pH

Njia ya kuaminika ni moja: punguza KH kwa kuchanganya maji ya bomba na maji yasiyo na madini, nje ya tangi, kisha uyaingize kidogo kidogo.

Maji ya mvua ndiyo ya bei nafuu. Yana pH ya karibu 5.6 kwa sababu ya hewa ya ukaa ya angani, na KH yake ni karibu sifuri. Familia nyingi za miteremko ya Meru huyakinga kwa kunywa ili kuepuka floraidi, kwa hiyo tangi na gata huenda tayari unavyo. Acha mvua ioshe paa kwa robo saa au zaidi kabla hujaanza kukinga, hasa mvua ya kwanza ya vuli baada ya miezi ya vumbi, kwa sababu hiyo hubeba kinyesi cha ndege na vumbi la barabarani. Bati jipya la rangi ya fedha lina zinki, na zinki huwadhuru samaki zaidi katika maji laini kuliko katika maji magumu. Paa la namna hiyo liache lipigwe na mvua za msimu mmoja kwanza. Tangi la kuhifadhia liwe la plastiki. Tangi jipya la saruji hupandisha pH kwa miezi, na mwenye nalo hurudi palepale alipoanzia. Masika ya Machi hadi Mei hukupa akiba ya kutosha kwa tangi la lita 100 iwapo una mapipa mawili ya lita 200 yenye vifuniko visivyopitisha mbu.

Wasio na paa hununua maji yaliyochujwa kwa mtambo kwenye madumu ya lita 20. Muulize muuzaji kama huyarudishia madini baada ya kuchuja, na upime KH hata kama amekujibu.

Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa bomba lina KH 12 nawe unataka KH 4, gawanya 4 kwa 12: theluthi moja ya mchanganyiko iwe ya bomba na theluthi mbili ziwe za mvua, yaani ndoo moja kwa mbili. Usibadilishe maji yote. Kwenye tangi la lita 100, toa lita 15 kila baada ya siku tatu na urudishie lita 15 za mchanganyiko ulio na joto sawa na la tangi. Baada ya mara ya kwanza KH itakuwa karibu 10.8, baada ya mara tano karibu 7.5, na baada ya mara kumi iko chini kidogo ya 6. Mwezi mmoja unapita, samaki hawajagundua kitu, na huo ndio mwendo unaofaa. pH isishuke zaidi ya 0.2 au 0.3 kwa siku.

Kuchemsha maji hupendekezwa sana, na katika nchi za miamba ya chokaa kunasaidia, kwa sababu bikaboneti ya kalsiamu ikichemka huganda kuwa ukoko na kuondoka. Bikaboneti ya sodiamu haigandi. Ukiyachemsha maji ya Meru, hewa ya ukaa hutoroka, sehemu ya bikaboneti hugeuka kaboneti ambayo ni kali zaidi, maji yenyewe hupungua kwa mvuke, na unabaki na sufuria yenye pH ya juu kuliko ya awali pamoja na floraidi iliyozidi kukolea. Mkaa wa mifupa, ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa muda mrefu ili kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa, nao haupunguzi KH. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake, lakini si kwa hii.

Majani makavu ya mkungu na vipande vya mizizi iliyolowekwa muda mrefu hutoa rangi ya kahawia na asidi laini za mimea. Mimi hutumia majani yaliyoanguka yenyewe, yasiyopuliziwa dawa, jani moja kubwa kwa kila lita 40, na kuyabadilisha baada ya wiki tatu hivi. Kwenye maji ya KH 2 yanashusha pH kwa kiasi kinachopimika. Kwenye maji ya KH 12 yanabadilisha rangi tu. Rangi ya chai haina maana ya asidi: mto wa Maji ya Chai, kwenye barabara ya kwenda Moshi, umepata jina kwa rangi hiyo, na bado maji yake yanajulikana kwa floraidi nyingi kama maji mengine ya Meru.

Sasa nije kwenye asidi za chupa. Mwaka wangu wa kwanza Arusha niliuziwa kimiminika cha kushushia pH, nami nikakitia kwenye tangi la lita 80 lenye KH 9, vifuniko viwili kila jioni. Kila usiku kipimo kilisoma 7.0, na kila asubuhi kilisoma 8.0 au zaidi. Sikuelewa kwamba kila jioni asidi ilikuwa inageuza bikaboneti kuwa hewa ya ukaa, ambayo ndiyo iliyoshusha pH kwa muda, na kwamba usiku hewa hiyo ilitoroka na pH ikapanda, huku akiba yenyewe ikipungua bila mimi kuipima. Jioni ya sita niliongeza vifuniko vitatu kwa kukata tamaa. Alfajiri nilikuta gurami wangu wawili wameegemea kioo, mashavu yakienda mbio, na neoni tisa wamelala chini juu ya kokoto, rangi yao ya buluu imefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Kipimo kilisoma rangi ya mwisho kabisa upande wa njano. KH ilikuwa imekwisha. Sikuokoa hata mmoja wa neoni wale, na tangu siku hiyo situmii asidi yoyote ndani ya tangi lenye samaki.

Siki na limau hufanya hivyo hivyo, tena bakteria huvila vitu hivyo na kumaliza oksijeni majini. Maji ya betri yasikaribie kabisa tangi la samaki.

Kupandisha pH

Mfugaji wa Moshi, au yeyote anayetumia maji ya mvua, huja upande huu. Chombo cha kwanza ni kokoto za chokaa, makombe ya pwani yaliyooshwa vizuri au mchanga wa matumbawe, vikiwekwa kwenye mfuko wa wavu ndani ya kichujio. Huyeyuka polepole maji yanapokuwa na asidi na huacha kuyeyuka pH inapofika karibu 7.8, kwa hiyo ni vigumu kukosea. Ili kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki: likitoa povu, lina kaboneti. Mawe meusi na mekundu ya volkano yanayouzwa kwa ujenzi hapa kwetu mara nyingi hayatoi povu, na hayo ni salama kwa tangi la maji laini, lakini jaribu kila jiwe.

Penye haja ya kupandisha KH kwa kipimo maalumu, tumia bikaboneti ya soda, ule unga mweupe laini unaouzwa pamoja na vitu vya kuokea keki. Gramu 3 katika lita 100 hupandisha KH kwa digrii 1. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni karibu gramu 5, lakini mizani ndogo ya jikoni ni bora zaidi. Iyeyushe kwenye jagi la maji ya tangi, uimimine mbele ya mkondo wa pampu, na usizidi digrii 1 kwa siku.

Hakikisha unachonunua, kwa sababu sokoni neno soda hubeba vitu vitatu. Poda ya kuokea ina wanga na chumvi za asidi, haifai. Magadi ya kupikia maharage, yale mabonge yanayotoka Ziwa Natron, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu pamoja na madini mengine, floraidi ikiwamo. Kaboneti yake inarusha pH juu kwa kasi kuliko bikaboneti safi, na bonge moja halifanani na jingine, kwa hiyo hakuna hesabu utakayoweza kuifuata. Chokaa ya kupaka ukuta ni hatari kuliko vyote, kwani maji yaliyoshiba chokaa hiyo yana pH ya zaidi ya 12.

Tangi linalozeeka

Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kuwa nitraiti na kisha nitreti hula KH: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia hutumia takriban miligramu 7 za akiba hiyo, ikihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu. Kwenye maji ya Moshi yenye KH 3, tangi lenye samaki wengi linaweza kumaliza akiba ndani ya wiki chache iwapo maji hayabadilishwi. pH ikishuka chini ya 6.5 bakteria wenyewe huzorota, na karibu na 6 kazi yao karibu inasimama. Amonia huanza kujaa.

Hapa ndipo watu huua samaki kwa nia njema. Kijana mmoja wa jirani, tulipokuwa tunaishi Soweto, Moshi, alikuja mbio. “Shikamoo mzee. Nimebadilisha maji ya tangi leo, nusu nzima, na samaki wanakufa. Maji machafu walikuwa wanaishi, maji safi yanawaua!” Nilimuuliza mara ya mwisho alibadilisha lini, akasema anaongezea tu yanayopungua, tangu sikukuu ya Krismasi, wakati huo ilikuwa Juni. Tulipima ndoo aliyokuwa ametoa: pH ilikuwa chini ya 6, na amonia nyingi.

Kilichotokea kinaelezeka kwa tarakimu. Amonia majini iko katika sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Katika nyuzi 25 za joto, kwenye pH 7 ile yenye sumu ni karibu asilimia 0.6 tu ya jumla. Kwenye pH 8 hufikia karibu asilimia 5. Kwenye pH 9 hupita theluthi. Kwenye pH ya chini ya 6 samaki wake walikuwa wameogelea kwa miezi ndani ya amonia iliyolala. Nusu tangi ya maji mapya ilipandisha pH na kuiamsha yote kwa dakika chache.

Tangi la namna hiyo hurudishwa kwa maji kidogo kidogo: asilimia 5 kwa siku kwa siku kumi au zaidi, chakula kikipunguzwa, amonia na pH vikipimwa kila siku kabla ya kuongeza. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki na uipime KH mara moja kwa wiki. Ikifika 2, ongeza bikaboneti au kokoto za chokaa.

Pima saa ileile kila mara, kwa sababu tangi lenye mimea huwa na pH ya chini alfajiri na ya juu jioni, na tofauti ya 0.3 au zaidi ni ya kawaida. Umeme ukikatika usiku kucha, hewa ya ukaa hujilimbikiza na pH husoma chini kuliko kawaida, usitie kitu. Washa pampu umeme unaporudi, au tibua maji kwa jagi ukisubiri, kisha upime tena baada ya saa mbili.

Ukikuta pH imeanguka ghafla na samaki wanahema juu ya maji, pima amonia kabla hujagusa chochote. Ikiwa haipo, yeyusha bikaboneti gramu 1.5 kwa kila lita 100, itie, ongeza hewa, ngoja saa sita, na urudie hadi KH ifike 2. Ikiwa amonia ipo, iache pH ilipo, ongeza hewa, acha kulisha, na uanze na ile asilimia 5 ya maji mapya kwa siku, yaliyolala ndooni usiku mzima na kufikia joto la tangi. Julai ya Arusha maji ya bomba ya asubuhi ni baridi sana, kwa hiyo ndoo hiyo ilaze ndani ya nyumba.